Kuta Tano za Kitani

Kijijini kwetu Lipowiszcze, miaka ile baina ya vita viwili, kitani, mmea wa nyuzi za nguo, hakikurefuka kwa mbolea wala kwa sala. Kilirefuka kwa kuruka. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima wanawake wote wenye nyumba zao walikusanyika kilabuni, wakanywa kidogo ili waondoe aibu, wakanywa tena ili wasahau kwamba waliwahi kuwa nayo, kisha wakashikana mikono na kuruka. Kadiri mwanamke alivyoruka juu, ndivyo kitani cha shamba lake kilivyosimama wima kiangazi. Wanaume nao waliruka kwa ajili ya shayiri, ila hakuna aliyewatazama. Farasi hula chochote. Lakini shati fupi kila mtu huliona.

Padri Kalasanty aliulaani mchezo huu madhabahuni kila mwaka, akauita upagani mtupu. Na kila mwaka mpishi wake aliruka kwa niaba ya kitani cha parokia, na kila Pasaka padri akatokea na kanzu mpya nyeupe ya kitani. Mungu, kwa jinsi tunavyojua, hakuwahi kulalamika.

Sasa Teofila Szeląg. Alikuwa na miaka thelathini na ushee, na alikuwa mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya pipa la kabichi chachu, ungedhani pipa ndilo linalokusuta. Mungu akimnyima mtu kimo humfidia kwingine, naye Teofila alifidiwa ulimini na kwenye vifundo vya miguu. Aliwahi kuruka mara moja tu, akiwa msichana, mwaka ambao mama yake aliumwa. Wanasema kiangazi kile ndama alipotelea ndani ya kitani chao, wakamtafuta kwa kengele. Mimi ndama mwenyewe sikumwona. Niliwaona watu waliokuwa tayari kuapa.

Baada ya mama kufa Teofila hakuruka tena, kwa sababu aliishi kwa kaka yake Hilary, na nyumba ya Hilary ilikuwa na mwenyewe: wifi Genowefa. Anayeruka ni mwenye nyumba. Genowefa alikuwa mrefu kama mti wa kuvutia maji kisimani, na aliruka kama gunia la viazi linavyoruka, yaani alitingishika akatulia. Kitani chao kikaishia magotini. Aliyekipalilia, akakiloweka, akakiponda na kukisokota ni Teofila. Aliyekifuma ni Genowefa, kwa sababu mtambo wa kufumia uliosimama chumbani ulikuwa wake.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Mtambo wa kufumia si kiti, kwamba utausogeza pembeni mgeni akija. Unameza nusu ya chumba, tangu baada ya Krismasi hadi karibu na Pasaka, na nyumba ya mkulima ina chumba kimoja. Mwanamke ambaye mtambo wake umesimama, huyo ni mwenyeji. Ambaye mtambo wake haukusimama, hata akizaliwa humo, ni mgeni anayeosha vyombo. Teofila alirithi mtambo wa mama yake, wa mti wa mwaloni, mzuri kuliko wa wifi yake. Ulilala vipande vipande darini, umefungwa kamba, chini ya majani ya ng'ombe. Kila vuli Teofila alipanda na kibuyu cha mafuta ya mbegu za kitani akaupaka, kama mtu anayempelekea mfungwa chakula.

"Wifi, lile gogo lako mimi ningelichanja kuni," Genowefa alisema.

"Chanja, wifi. Ila kwanza umtafutie kaka yangu mke mwingine, asibaki mpweke."

Wachumba alipata wawili. Wa kwanza alitaka mtambo uuzwe wanunue ng'ombe. Teofila akamshauri amuoe ng'ombe moja kwa moja, asijisumbue na madalali. Wa pili alikuwa na mama ambaye mtambo wake ulikuwa umeshasimama. Hakumaliza hata kuvua kofia.

Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: sakafu. Sakafu ya kusimamishia mtambo.

Na upande wa pili wa kijiji sakafu ilikuwepo. Ilikuwa ya Bonifacy Kruk, mjane wa kiume, jitu la watu, mtu ambaye alipita milangoni akiwa ameinama hata milango ya kanisa, kwa mazoea. Mke wake alipofariki, mama mkwe alikuja akauchukua mtambo wa bintiye, kama ilivyo haki, na chumba kikabaki na mwangwi. Tangu hapo hakuna aliyemrukia Bonifacy, na kitani chake kikawa cha kufikia kifundo cha mguu, ambamo hata kuku hawakuweza kujificha. Akabaki na shati moja. Lilikuwa na kiraka juu ya kiraka, hata ikawa vigumu kujua lipi ni shati na kipi ni uvumi. Jumamosi lilipofuliwa, Bonifacy alibaki kitandani hadi likauke. Mvua ikinyesha, Misa ya Jumapili ilimkosa. Watu walitazama kamba yake ya nguo kujua kama ataonekana kanisani.

Basi mwaka mmoja, Jumanne ile ya kuruka, Bonifacy akaingia kilabuni, akasimama kando ya duara la wanawake, akaziba taa.

"Bonifacy, unatutia giza," alisema Bibi Pelagia, mkongwe aliyekuwa mwamuzi wa mirukio. "Unataka nini?"

"Kitani."

"Tunaona. Ulicho nacho kinakudondoka mgongoni."

Wanawake wakacheka. Bonifacy akasubiri wamalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Sina wa kunirukia shamba," akasema.

Kumrukia mwanamume shamba si sawa na kumwazima ungo. Anayeruka ndiye mwenye kitani hicho mpaka mwisho: atakipalilia, atakiloweka, atakisokota, mpaka kiwe nguo. Na mwanamke atakayeshinda shambani kwa mjane mwaka mzima, kijiji kitajaza mengine.

"Mficha uchi hazai, baba," Pelagia akamwambia. "Sema wazi, unamtaka nani?"

Bonifacy akatazama dari. Ilikuwa karibu naye, wakazoeana.

Teofila alikuwa mlangoni, ameshikishwa makoti ya wenye nyumba zao. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akampachika Genowefa makoti yote mikononi.

"Shika, wifi."

"Unakwenda wapi wewe?"

"Juu."

Akatema mate viganjani, akamshika Bonifacy mikono, akaruka. Wengine husema alipaa mpaka wakatazamana macho kwa macho na yule jitu. Wengine husema alimbusu. Uongo. Alimgonga kidevu kwa utosi, Bonifacy akajing'ata ulimi, na kwa kuwa ulimi wenyewe hakuwa akiutumia, hasara haikuwa kubwa. Pelagia alipiga meza kwa gongo lake.

"Umehesabiwa! Na wengine mruke kama watu, si kama mnapanda ngazi!"

Kitani kikapandwa, kikaota. Teofila alikwenda kupalilia bila viatu, akitambaa kwa magoti, kwa sababu kitani kichanga hakivumilii viatu wala haraka. Kikachanua maua ya buluu asubuhi, kikafumba adhuhuri, kikasimama mpaka kiunoni kwa watu wa kawaida na mpaka kifuani kwa Teofila. Bonifacy alikuja ukingoni mwa shamba kila siku na kibuyu cha maziwa mgando. Mazungumzo yao kiangazi kile chote kijiji kiliyajua kwa moyo.

"Kutanyesha," alisema Bonifacy.

"Kutanyesha," alijibu Teofila.

Na kesho yake:

"Hakukunyesha."

"Hakukunyesha."

"Amesema?" Hilary alimuuliza dada yake jioni, akiwa na huruma za kaka na njaa ya jirani.

"Amesema."

"Enhe! Amesema nini?"

"Kwamba hakukunyesha."

Kitani hakikatwi, hung'olewa na mizizi yake. Wakaking'oa, wakakichana vitumba vya mbegu, wakafunga matita, wakayazamisha kwenye bwawa ili ganda lioze na nyuzi ziachie. Hapo hapahitaji ujanja, panahitaji pua ngumu. Mwezi wa tisa kijiji chetu kilinuka kiasi kwamba hata malaika, naamini, waliruka mbali kidogo. Mawe ya kukandamizia matita aliyapanga Bonifacy, maji yakimfika kiunoni, kwani Teofila angezama yeye pamoja na kitani. Aliingia bila shati. Lile moja hakutaka kulihatarisha. Siku hiyo wanawake wengi wa Lipowiszcze waligundua kwamba nyumbani hawana maji, wakaja bwawani na ndoo, wengine wakarudi wamesahau kuzijaza.

Kikatolewa, kikakaushwa, kikapondwa kwa kipondeo cha mbao chenye taya hadi makapi yakaruka kama inzi, kikachanwa kwa chanuo la misumari. Pelagia akachukua fungu moja akalipitisha shavuni.

"Bonifacy, hili lingekuwa na kichwa ningekuambia ulioe."

Bonifacy akalipokea, akaliangalia, akasema limekauka vizuri.

Teofila akasokota. Aliposokota, alisokota kwa hasira, na hasira, kama mnavyojua, hutoa uzi mwembamba na imara. Krismasi ikapita, mapishi ya kabichi na uyoga yakaisha, na uzi ukawa tayari. Mtambo haukuwa na pa kusimama.

"Chumbani kwangu pana nafasi ya mtambo mmoja," alisema Genowefa, ameketi juu ya mtambo huo. "Mimi nikimaliza, utafuma."

"Ukimaliza itakuwa Pasaka, wifi. Baada ya Pasaka watu wanalima."

"Basi mwakani. Uzi hauozi. Na tukifika huko kwenye mambo ya mwakani, nimeongea na kaka yako. Dari inahitajika kwa majani. Yale magogo ya mama yenu nitatengenezea zizi la bata bukini."

Teofila akamtazama Hilary. Hilary akatazama buti zake, akaziona zina mengi ya kutazamwa.

Siku ya pili Bonifacy alipita akiwa na sleji, gari la farasi lisilo na magurudumu, akasimama uani kwenye theluji, akavua kofia.

"Kwangu kuna nafasi," akasema.

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Hilary aliirudia kilabuni neno kwa neno, na watu wakamwomba airudie tena.

Wakapakia mtambo. Kipande kwa kipande Teofila aliuteremsha mwenyewe darini, hakuruhusu mtu aushike ila Bonifacy. Mchana kijiji kizima kikasikia nyundo kutoka nyumba ya Kruk. Mtambo ukisimamishwa haufichiki. Ni kama kuzaa. Kabla vigingi havijakaza, Padri Kalasanty akafika, amevaa koti la manyoya, amefuatwa na Genowefa aliyekuwa amepita tu, kama kawaida yake, kwa haraka na kwa makusudi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, Amina," Teofila akajibu kutoka chini ya mtambo.

"Binti yangu, toka huko nikuone. Wewe hujaolewa. Huyu hana mke. Na hapa ni nyumbani kwake."

"Ndiyo, Baba. Na hiki ni kitani. Yeye ana shati moja, Baba ameliona."

Padri alikuwa ameliona. Parokia yote ilikuwa imeliona.

"Wavishe walio uchi," Teofila akaendelea. "Si ndiyo inavyosemwa? Mimi najaribu, wifi yangu ndiye anayenizuia."

Padri akakuna shingo. Alikuwa mtu mwema ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuogopa midomo ya waumini kuliko moto wa milele, jambo la busara, kwani moto ulikuwa mbali. Mwishowe akatoa masharti. Teofila atafuma mchana tu. Usiku atalala kwa kaka yake. Atakapokuwa ndani, mlango wa nje utakuwa wazi, apitaye aone. Na Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi mtambo utoke, kwa sababu juma linalofuata padri atapita kubariki vyakula vya Pasaka nyumba kwa nyumba, na hatabariki mayai mbele ya aibu.

"Mlango wazi, Baba? Januari?"

"Usafi wa moyo una gharama zake."

"Na mtambo ukirudi kwangu," Genowefa akaongeza, "unarudi kama zizi la bata."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ile mtambo ungetolewa, na kutoka pale usingekuwa mtambo tena.

Kabla ya kufuma lazima kutanda nyuzi za urefu, ule mtande. Kwetu nguo haipimwi kwa mikono. Hupimwa kwa kuta. Unapigilia vigingi kwenye ukuta wa nje wa nyumba, uzi unatoka kona hadi kona: ukuta mmoja. Unarudi: wa pili. Kuta tano zinatosha mashati na shuka za nyumba moja, na kuta za watu wote kwetu ni sawa, kwa kuwa wote tulijenga kwa ubahili mmoja. Lakini ukuta wa nyumba ya Bonifacy ulikuwa umefunikwa kuni mpaka kwenye paa. Kwa hiyo akapigilia vigingi ghalani.

Ghala lile alilijenga babu yake, aliyetaka kumkomoa bwana shamba wa enzi zake. Lilikuwa refu hivi kwamba ukimwita mtu aliye kona ya pili, ulikuwa na muda wa kuvuta tumbaku kabla hajaitika. Kuta tano za ghala la Kruk zilikuwa kama za nyumba nne zikishikana mikono. Kijiji kizima kilijua. Ila mtu wa kwetu akisikia kuta tano haulizi zaidi, anaamini kwamba ukuta ni ukuta.

Wakatanda. Teofila alikwenda na uzi hadi kona, akampa Bonifacy kigingini, Bonifacy akaenda nao kona ya pili, akageuka, wakapishana, wakapishana tena. Siku nzima walitembea kando ya ghala kama watu wawili wanaolinda ngome isiyo na adui. Bonifacy alitabasamu. Waliopita barabarani wanaapa, na mimi nilikuwa mmoja wao: jitu lilikuwa linatabasamu kila likigeuka. Uzi uliosokotwa ukaisha kabla kazi haijafika nusu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Teofila alikwenda kwa kaka yake, akafungua sanduku lake la bibi harusi lililongoja miaka yote ile, akaleta uzi wake wote, wakaendelea.

Mtande ulipovingirishwa kwenye mti wa mtambo ulikuwa mnene kama nguruwe wa Krismasi. Teofila akapanda, miguu ikaning'inia. Bonifacy akaenda akarudi na gogo la kukanyagia, akaondoka tena kuchanja kuni. Ndiyo ilikuwa kazi yake msimu ule wote: kuipasha moto nyumba yenye mlango wazi. Aliipasha nyumba na uwanja na sehemu ya barabara. Mbwa wa kijiji walihamia kwake. Kuni za ukutani zikashuka, zikashuka, hadi ukuta ukaonekana, ukiwa umechelewa.

Na Teofila alifuma. Tak, tak, ubao wa kugongea mshindio, ule uzi unaokatiza mtande, ulisikika hadi kilabuni. Alifuma Februari yote. Kwaresima ikaingia, viazi kwa mafuta ya kitani na samaki wa chumvi, naye akifuma. Nguo ilijaa kwenye mti wa mbele, na mtande wa nyuma haukupungua hata kwa heshima. Wafumaji wenzake walishakata nguo zao. Genowefa alishakata ya kwake na kuubomoa mtambo wake. Yeye bado.

Shati jipya la Bonifacy? Halikuwepo. Nguo haikatwi mpaka mtande uishe. Anayekata mtande katikati, amekata maisha ya mtu wa nyumba hiyo. Hilo kwetu analijua hata mtoto ambaye hajui amri kumi.

Jumamosi ikafika. Wakaja: padri, Hilary na nyundo yake, Genowefa na kamba, na Bibi Pelagia ambaye hakuitwa na mtu ila alikuwa na haki ya umri. Uani, kwenye kamba, lilining'inia lile shati la pekee, limeganda kwa baridi, mikono imenyooshwa kama linaomba radhi. Kwa hiyo mwenye shati alikuwa nyuma ya jiko la matofali, kitandani, chini ya shuka la manyoya, haonekani ila nyayo.

"Binti yangu, siku imefika," alisema padri.

"Imefika, Baba. Nguo haijafika."

Hakuacha kufuma. Tak, tak.

"Ilikuwa kuta ngapi?" aliuliza Pelagia.

"Tano."

"Za wapi?"

"Za ghala," akajibu Genowefa kwa niaba yake. "Za ghala, Bibi! Mwanamke anayejua uzi kwa kugusa gizani, leo hakujua ukuta! Alikusudia. Hilary, bomoa."

Hilary akainua nyundo, akamtazama dada yake, akaishusha.

"Mtande upo," akasema. "Ukibomoa lazima ukate."

"Kata basi!"

"Kata wewe."

Genowefa akarudi hatua moja. Wakageuka wote kumtazama padri. Yeye, kwa mujibu wa elimu yake, hakupaswa kuamini upuuzi huo. Teofila akatoa mkasi mfukoni mwa aproni, akampa.

"Baba husema mila zetu ni upagani. Basi kwa Baba hakuna hatari."

Padri Kalasanty akaushika mkasi. Akausogeza kwenye nyuzi. Nyuzi zilikuwa zimekaza, zinang'aa, mamia kwa mamia. Nyuma ya jiko nyayo za Bonifacy zilijikunja.

"Mama yangu alikuwa mfumaji," padri akasema kwa sauti ya kujitetea, akaurudisha mkasi juu ya meza polepole kama kitu kilicholala. "Lakini niambie ukweli, Teofila, nami ni padri wako. Ulijua?"

Ubao ukanyamaza. Teofila aliweka mikono juu ya nguo.

"Nilijua kwenye ukuta wa pili, Baba."

"Aha!" Genowefa akapiga makofi. "Si nimesema!"

"Na kwa nini hukusimama?"

Teofila akawa mwekundu kuanzia kilemba mpaka shingoni. Mara ya kwanza maishani alitafuta neno akalikosa. Akalipata dogo tu.

"Alikuwa anatabasamu."

Kisha shuka la manyoya likasimama. Likaja kutoka nyuma ya jiko, refu, jeupe, na juu yake kichwa cha Bonifacy kikigusa boriti.

"Ghala ni langu," akasema.

"Tunajua ni lako," akasema padri. "Funika bega."

"Babu yangu alinipeleka kulipima nikiwa mtoto. Nalijua." Akavuta pumzi, maana safari ilikuwa ndefu. "Mimi nilijua kabla sijapigilia kigingi."

Teofila akageuka juu ya mtambo.

"Ulijua? Na ukaninyamazia siku nzima, nikamaliza uzi wa sanduku langu?"

"Ningesema, ungesimama."

"Wewe mtu! Miezi yote unaniambia kutanyesha, hakukunyesha!"

"Kulikuwa hakunyeshi," akasema Bonifacy. "Teofila. Mtambo ubaki. Na wewe ubaki nao."

Bibi Pelagia akakaa juu ya gogo, akafuta macho kwa upindo wa sketi.

"Mama wa Mungu, na mimi nilidhani nitakufa kabla hajamaliza sentensi."

"Anasubiri jibu, wewe!" Hilary akamwambia dada yake.

"Na asubiri. Mimi nimesubiri tangu kupalilia." Teofila akakanyaga, akapitisha uzi, akagonga mara moja kwa nguvu. "Ndiyo. Sasa rudi chini ya shuka, mlango uko wazi."

Padri Kalasanty alitangaza kwamba ndoa katika Kwaresima haiwezekani, lakini kwa kuwa mtambo si muumini, haufungwi na Kwaresima, unaweza kubaki ulipo. Mayai atayabariki. Genowefa aliuliza kama mlango nao utabaki wazi. Akaambiwa ufungwe, kuni zimekwisha. Akaenda nyumbani na kamba yake, na bata bukini wake waliendelea kulala nje, wala hawakulalamika.

Tangazo likasomwa kanisani mara tatu, na harusi ikapangwa Jumatatu ya pili baada ya Pasaka. Asubuhi hiyo uwanja wa Kruk ulijaa. Mpiga fidla alikuwepo, mpiga ngoma alikuwepo, magari mawili ya farasi yenye riboni, Bonifacy ndani ya shati la kuazima lililoishia viwikoni, kwa kuwa lile lake Pelagia alikataza kabisa lisiingie kanisani siku hiyo. Bwana harusi alikuwepo. Bibi harusi hakuonekana. Ndani ya nyumba ilisikika: tak, tak, tak.

"Teofila!" Hilary akaita dirishani. "Padri anasubiri!"

"Imebaki kiganja kimoja!"

"Utamaliza kesho!"

"Kesho nitakuwa mke wa mtu, nitakuwa na kazi!"

Mpiga fidla, aliyekuwa amelipwa kwa vodka na alikuwa ameshapokea malipo yote, akaanza kuufuata ule mdundo wa ubao. Mpiga ngoma akajiunga. Watu wakatikisa miguu kwenye matope. Wazee wakavua kofia, wakacheza. Bonifacy alikwenda mlangoni, akainama, akaingiza kichwa.

"Teofila. Watu wanasubiri."

"Wacheze kidogo. Njoo ushike hapa, mti huu unanishinda mimi na gauni hili."

Akaingia. Muziki uliendelea uwanjani, lakini ubao sasa uligonga kwa mapigo mengine, ya taratibu, ya mikono minne, na mpiga fidla alilazimika kuanza upya wimbo.